Gunzi Mdomoni mwa Bidoni

Fanny alirudi nyumbani jua likiwa bado halijashika mabati, na hilo peke yake lilitosha kumfanya bibi yake aache kupepeta. Mtoto wa shule harudi saa hizo isipokuwa kuna homa, kuna milio ya risasi, au kuna jambo. Koko Angèle alimtazama kuanzia chini kwenda juu, kama anavyotazama kuku wa sokoni kabla ya kuuliza bei. Viatu vina vumbi. Magoti yana vumbi kuliko viatu. Blauzi nyeupe imechomoka kwenye sketi ya buluu. Macho makavu. Homa haipo. Risasi hakusikia. Basi ni jambo.

"Wamekufukuza?"

"Hapana, koko. Wamenituma."

"Wapi?"

"Kwako. Prefe anakuita leo leo."

Koko, maana ndivyo wajukuu wa mtaa wa Mudzipela, Bunia, wanavyowaita bibi zao, alitua ungo juu ya kigoda na kuufunika kwa kitambaa ili kuku wasije wakafanya sherehe ndani ya ufuta. Alikuwa mtu wa mambo ya polepole. Alinawa mikono, akaikausha kidole kwa kidole.

"Umepigana?"

"Hapana. Nimefanya shairi."

Koko alingoja neno lingine lifuate, halikufuata. Yeye naye alisoma, mpaka darasa la tano, kwa masista wa Mahagi, na alikumbuka kusimama mikono nyuma akisema resitasio ya mbuzi aliyekataa kuvuka mto.

"Siye tulisema ya mbuzi," alisema. "Hakuna mutu alifukuzwa juu ya mbuzi."

"Hii haiko ya mbuzi, koko."

Mama Rebecca, jirani, alikuwa ameshatokeza kichwa juu ya ua wa matete. Jambo lolote la nyumba ile lilimfikia kabla halijafika mezani. "Angèle, mutoto ameiba nini?"

"Maneno," Koko alijibu, akaingia ndani kuvaa kitenge chake cha misa.

Ofisi ya prefe, mkuu wa shule, ilikuwa na viti viwili. Kimoja alikikalia prefe mwenyewe, Philippe jina lake, mtu mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikakata kama kisu. Cha pili kilikuwa kimebeba jezi za timu ya wavulana, zimekunjwa vizuri, namba juu. Koko alikitazama kiti kile, akazitazama jezi, akangoja. Hakuna aliyezitoa. Basi alisimama, na Fanny akasimama kando yake, na kwenye kona alisimama mwalimu Hubert, kijana wa miwani anayefundisha elimu ya uraia katika darasa la nane, ameshika mikono mbele kama mwanafunzi.

"Mama," prefe alisema, "mutoto wako ameleta mvurugo mu masomo yangu."

Alieleza. Alieleza vizuri, kwa kweli, mtu huyu hakuwa mtu wa kelele. Mwalimu Hubert alifundisha darasa juu ya mashairi ya kudai haki. Akawaambia kila mmoja aandike lake. Fanny akaandika la bidoni, dumu ambalo wasichana huletea shule maji, akalisema darasani, na kabla ya mapumziko wasichana wa darasa zote walikuwa wamelishika. Leo asubuhi waliochelewa walipigishwa magoti mlangoni kama sheria inavyosema, na badala ya kunyamaza wakaanza. Mmoja anauliza, wengine wanajibu. Wako magoti chini, wanajibu kama wako kanisani.

"Wanajibu nini?" Koko aliuliza.

Prefe alishika karatasi iliyokuwa mezani kwa ncha za vidole viwili. "Sitarudilia haya maneno na kinywa yangu."

"Sasa mimi nitamuazibu mutoto juu ya kitu sijui?"

"Mama, sikiliza. Weye unaujua huu muji. Inaanzaka na kawimbo kadogo. Kesho vijana wako barabarani na matairi. Kesho kutwa tunazika. Mimi nilibaki hapa wakati wengine walikimbia, niliweka mabati kwa haya madarasa, mabati inatoboka kila mwaka na ninaiziba. Sitaki kuzika mutoto wa mutu."

Koko alimsikia, na akamwamini. Hilo ndilo lililomsumbua njiani baadaye: kwamba mtu anaweza kukusimamisha wakati kiti kipo, na bado awe anasema kweli.

"Jumatatu," prefe alimaliza, "mbele ya bendera, ataomba musamaha wote wasikie. Kama hapana, abaki kwenu mpaka mwaka ujao. Mutihani wa mwisho wa darasa la nane hataufanya. Na weye, mwalimu, tutaongea."

Mwalimu Hubert aliwafikia kwenye mteremko, akisukuma baiskeli ambayo mnyororo wake ulikuwa umekatika. Alitaka kuomba radhi, lakini Koko hakumpa nafasi.

"Mwalimu, mutu anafundishaje mutoto kulalamika? Mimi wangu wote walizaliwa wanajua."

Hubert alicheka, kicheko chake cha kwanza tangu asubuhi. Alipokaa uani kwa Koko akiwa na karanga za kuchemsha mkononi, alieleza. Aliwapa wanafunzi masharti. Chagueni kitu munashika kila siku. Musitukane. Musitaje jina ya mutu. Muulize kile kitu maswali. Na muandike kwa luga munakasirikia nayo, Kifaransa mukiache ku mulango.

"Kwa luga munakasirikia nayo," Koko alirudia, akionja kila neno kama chumvi. "Hiyo ni nzuri. Na nini tena?"

"Sehemu mbili, mama. Ya kwanza ya inje, kitu umeona ku shule ao ku njia. Ya pili ya kwenu, mu nyumba yako. Juu kulalamikia jirani tu, hiyo ni nusu ya kazi. Fanny alileta ya kwanza. Ya pili bado."

Fanny alikuwa akivunja karanga na kuangalia upande wa bafu. Kaka yake Trésor alikuwa ametoka uwanjani, amekaa juu ya jiwe, anamimina maji ya bidoni juu ya miguu yake yenye matope, polepole, mguu huu, kisha mguu ule, kisha mguu huu tena.

"Sema basi hiyo nusu," Koko alimwambia mjukuu wake. "Nimesimama mbele ya prefe mpaka vifundo vimevimba, na sijui nilisimama juu ya nini."

Fanny alijipangusa mikono. Bidoni ilikuwa pale karibu na bafu, ile ya manjano ya mafuta, kifuniko chake kilipotea zamani, mdomo wake umezibwa kwa gunzi la mahindi kama bidoni zote za chemchemi ya bondeni. Aliitazama hiyo, si wao.

*Bidoni ya manjano, njoo tuongee.*
*Asubui nani anakubeba? Ni musichana.*
*Nani ananawa na weye vumbi ya mpira? Ni kijana.*
*Mustari ya chemchemi ni murefu, nani anachelewa? Ni musichana.*
*Mulango inafungwa, nani anapiga magoti? Ni musichana,*
*na weye uko kando, umejaa, unamuangalia.*
*Bidoni, uko na mudomo, juu ya nini husemi?*
*Wameniziba na gunzi.*
*Basi leo mimi njo natoa gunzi.*

Hata Trésor aliacha kumimina. Upande wa pili wa matete Mama Rebecca alisema peke yake, chinichini, "Ni musichana," halafu akajikohoza.

Koko Angèle alilitazama gunzi. Aliuliza: "Hilo gunzi ulilitoa wapi?"

"Ku bidoni."

"Najua. Nauliza ku kichwa."

"Nilikuwa nimepiga magoti, koko. Bidoni iko mbele ya macho yangu, sina kitu kingine ya kuangalia."

Bibi alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mwalimu na kumweleza jambo ambalo Hubert, mzaliwa wa Gety, hakuwa amelisikia. "Kwetu, bibi arusi akifika kwa bwana yake hana ruhusa ya kumujibu mama mukwe. Hata neno. Lakini akipiga magoti ku jiwe ya kusagia, anaimba. Anaambia jiwe yote. Jiwe, weye njo umeona, wananipa ukoko wa sufuria. Jiwe, weye njo umeona, kuni zote ni zangu. Na mama mukwe iko pale, anasikia. Hajibu. Akijibu, ni yeye mwenyewe amesema: ni mimi."

"Na akinyamaza, anafanya nini?" Hubert aliuliza.

"Ile anaweza. Wengine hawafanyi kitu. Wa kwangu, nilimaliza kuimba juu ya samaki, kesho yake kichwa ya samaki iko mu sahani yangu. Hakusema. Mpaka tulimuzika, hakusema." Alimenya karanga, akampa Fanny. "Kosa yako ni moja tu. Mikono. Ulisimama mbele ya watu na mikono bure. Anayelalamika na mikono bure wanamuambia amekosa kazi. Anayelalamika anasaga, utamuambia nini?"

Hubert alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Lakini mama, hiyo haiko kumuziba mutu tena? Ati abebe kwanza, njo aseme?"

Koko aliiacha karanga mkononi. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, na aliligeuza swali huku na huku, upande wa jua na upande wa kivuli.

"Labda," alisema mwishowe. "Sijui, mwalimu. Najua tu kwamba Jumatatu inakuja, na huyu mutoto lazima arudi darasani."

Jumamosi asubuhi, kama asubuhi zote, Koko alimgusa Fanny bega kabla ya jogoo wa Mama Rebecca. "Simama, mama. Mustari utakuwa murefu." Alisema kwa upole, maana alikuwa mpole. Alipokuwa akitoka aliona Trésor amelala chali, blanketi limeshuka, baridi ya Bunia inamla kifua, akainama akamfunika kwa kitenge chake mwenyewe, akakikunja vizuri chini ya mabega. "Acha alale, amecheza jana," alimwambia Fanny, ingawa Fanny hakuuliza kitu. Fanny alikuwa amesimama mlangoni, ngata ya kitambaa kichwani, bidoni mkononi. Aliona kitenge kikikunjwa. Kisha akateremka bondeni.

Jumapili, baada ya misa, bibi na mjukuu walisaga ufuta. Koko alipiga magoti upande wa jiwe, Fanny akawa anakusanya mafuta ya pembeni kwa kijiko. Kisha wakabadilishana. Mtoto alisaga akiwa ameinamisha kichwa, midomo inacheza bila sauti.

"Ile nusu ya pili?" Koko aliuliza, kwa sababu udadisi ulikuwa umemkalia kooni tangu Ijumaa. "Ya kwetu. Utaitia nini? Ile shimo ya bati, maji inadondoka ku mukeka yako?"

"Bado natafuta, koko."

"Tafuta mpole mpole. Kwetu iko mambo. Baba yako kukaa Mongbwalu mu machimbo, hatumi hata salamu, unaweza kutia hiyo."

"Ndiyo, koko."

"Ao mama yako, ziwa imemumeza na samaki zake, anarudi na harufu tu."

Fanny alicheka na kusaga. Ufuta ukatoa harufu yake, na Koko akaridhika kwamba mtoto hana huzuni.

Jumatatu waliondoka pamoja, Koko na kitenge cha misa, Fanny na bidoni kichwani, imejaa. Mama Rebecca alisimama mlangoni kwake. "Angèle, unaenda kuomba musamaha ao kuuza maji?" Koko alimwambia kwamba akirudi atamweleza, kwa sababu yeye mwenyewe hajui.

Bendera ilipandishwa. Wimbo uliimbwa, wavulana upande huu, wasichana upande ule. Kando ya mlingoti lilikuwepo pipa la shule, pipa la buluu ambalo wasichana hulijaza na wote hunywa na kunawa. Prefe alipanda ngazi ya darasa la kwanza akamwita Fanny kwa majina yote. Mwalimu Hubert alisimama mwisho wa mstari wa walimu, miwani mkononi, kana kwamba alipendelea kutoona vizuri.

Fanny alienda mpaka kwenye pipa. Hakutua bidoni.

"Ninaomba musamaha," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, akairudia. "Ninaomba musamaha juu nilisema na mikono bure."

Prefe alitikisa kichwa kukubali, kisha uso wake ukasimama, kama mtu aliyepokea chenji akaanza kuihesabu. Fanny alikuwa ameshateremsha bidoni na kuitegemeza kwenye ukingo wa pipa. Akachomoa gunzi. Maji yakaanza kuingia, na juu ya mlio wa maji akaanza kusema na bidoni.

*Asubui nani anakubeba?*

Hakuna aliyepanga, lakini mstari wa wasichana ulijibu. Si kwa kelele. Walijibu kama mtu anavyojibu akiulizwa jina lake. Prefe alishuka ngazi moja. Koko Angèle alikuwa amesimama pale chini, karibu na kiatu chake kilichong'aa, akamsemesha bila kumtazama.

"Mon prefe, anaongea na bidoni. Haongei na weye. Kwetu, mwenye kujibu njo mwenyewe."

Mguu wa prefe ulibaki kwenye ngazi. Aliangalia walimu, aliangalia wavulana, ambao wengine walikuwa wakiangalia miguu yao iliyonawishwa. Hakujibu. Maji yalikuwa yakiingia, na ni kweli pia kwamba pipa lilihitaji maji.

Fanny alifika kwenye gunzi na Koko akashusha pumzi, akajua limekwisha. Lakini bidoni ilikuwa bado nusu. Mtoto aliinamisha zaidi.

*Bidoni, sasa turudi ku nyumba.*
*Ku nyumba kuko koko yangu, mikono yake ni ya mapendo.*
*Baridi ya asubui, anagusa bega ya nani, anasema simama? Ni musichana.*
*Baridi ile ile, anafunika mabega ya nani, anasema acha alale? Ni kijana.*
*Bidoni, koko anatupenda siye wote, sibishi.*
*Lakini mapendo yake inapandaka kutoka bondeni*
*juu ya kichwa yangu.*

Koko Angèle alifungua mdomo. Alikuwa na mengi ya kusema, yote yalifika kwa pamoja: kwamba Trésor ana kifua kibovu tangu utotoni, kwamba nani basi alimpikia Fanny uji akiwa na surua, kwamba yeye mwenyewe alibeba maji mpaka utosi ukawa na upara mdogo ambao bado upo chini ya kitambaa, na hakuna aliyemwandikia shairi. Alihisi macho ya shule nzima juu ya kitenge chake cha misa. Alihisi hasa macho ya prefe, aliyekuwa ameinama kidogo kumtazama, na kwenye pembe ya mdomo wake palikuwa na kitu ambacho Ijumaa hakikuwepo.

"Mama," prefe aliuliza taratibu, "hautajibu?"

Mdomo wa Koko ulifungika. Ukafunguka tena, kidogo.

"Sijasikia mutu akinitaja," alisema.

Tone la mwisho lilianguka ndani ya pipa. Prefe alitazama juu kwenye bendera kwa muda, kama mtu anayekagua kamba. Kisha akasema neno moja, "Darasani," na mistari ikaanza kusogea. Fanny alisogea nayo. Hakuna aliyemrudisha.

Kesho yake wasichana kadhaa walifika na bidoni mlango ukiwa umeshafungwa. Waliozoea walianza kutua ili wapige magoti. Prefe alikuja mwenyewe, akafungua, akasimama kando akitazama bendera tena, mpaka wa mwisho alipopita. Mwalimu Hubert ndiye aliyeleta habari hiyo Mudzipela, akaongeza kwamba juu ya wavulana na maji bado hakuna neno, na kwamba yeye mwenyewe ameitwa ofisini, akakuta kiti hakina jezi.

Koko alimkaribisha karanga. Hakuuliza chochote juu ya nusu ya pili. Tangu Jumatatu hakuwa amemwambia Fanny kitu kuhusu shairi, wala Fanny hakumwambia. Mtoto alikula akiinamisha macho, akalala akigeukia ukuta. Bibi aliongea juu ya ufuta, juu ya bati, juu ya bei ya makaa. Mama Rebecca, aliyekwisha kusikia kila kitu, alijaribu mara moja juu ya ua: "Angèle, ati mutoto alikupiga mbele ya watu?" Koko alimwambia hajui anaongea juu ya nani, akaendelea kuanika nguo.

Asubuhi iliyofuata Fanny aliamka mwenyewe. Hakuna mkono uliomgusa bega. Alikaa akasikiliza, jogoo wa jirani alikuwa ameshawika, mwanga umeshapenya chini ya mlango, amechelewa. Alivaa haraka, akachukua ngata yake, akatoka.

Bidoni haikuwa mahali pake. Kwenye kizingiti palikuwa na gunzi peke yake, limelala. Koko alikuwa amekaa kwenye kigoda na ungo wa maharage ya Kpandroma, akitoa mawe moja moja. Begani hakuwa na kitenge. Kitenge kilikuwa kimetandazwa juu ya mkeka wa Fanny. Fanny alikuwa ametoka chini yake bila kukiona.

"Koko, bidoni iko wapi?"

Bibi hakujibu. Alichagua jiwe, akalitupa kwa kuku.

Kutoka chini ya mteremko zilisikika hatua nzito, na sauti ya Trésor ikigombana na kitu, na maji yakipiga chini kila hatua, chwa, chwa. Alitokeza kwenye kona, bidoni begani, shati limelowa mpaka kiunoni, na nyuma yake watoto wawili wa jirani wakimwangalia kwa hamu kubwa.

"Nusu imemwagika njiani," alilalamika. "Hii bidoni haina kifuniko. Munaibebaka namna gani?"

Koko Angèle aliinua macho kwa mjukuu wake wa kike, mara moja tu, halafu akayarudisha kwenye maharage. Fanny aliinama, akaokota gunzi kizingitini, akamfuata kaka yake na kumwonyesha linavyoingizwa: unalizungusha kwanza, kisha unasukuma.